Mboga ya Majani Mawili

4 Machi

Binti yangu,

Usipige simu tena. Imo ndani ya nguzo. Ilinitoka mfuko wa shati tukiwa tunamwaga zege kwenye lile jengo la ghorofa tatu. Nikapiga kelele. Fundi mkuu akasema, "Tusimamishe zege kwa ajili ya kisimu chako cha tochi?" Halikusimama. Iliita mpaka jioni. Vibarua wakawa wanaweka sikio kwenye mbao: "Haloo, nguzo hapa, nani mwenzangu?" Kama ulikuwa wewe, samahani.

Nyingine sinunui sasa. Tuandikiane. Dereva wa lori la mbao anapita kwenu na kwetu. Mtu mzuri, ila mdomo wake haufungwi.

Mzigo wako ameuleta. Trei, udongo, mbegu za figili na za alizeti, na chupa ya kupulizia kama ya kinyozi. Na maneno yako nimeyaelewa. Kifua changu kinakoroma, niache kubeba zege. Nioteshe mboga ndani ya nyumba, nile, zinazobaki niuze. Mvua zikiisha na mboga hazijaweza kunilisha, nifunge nyumba nije kukaa kwenu. Nimekubali kwa sababu ulilia.

Ila nakwambia mapema. Nyumba hii niliijenga na marehemu mama yako. Yeye anachota maji, mimi napanga tofali. Siiachi nikakae kwenye kochi la mkwe, nikikohoa yeye anaongeza sauti ya redio. Mboga zitaota. Zikikataa nitazilazimisha.

Baba yako


10 Machi

Baba, shikamoo.

Nilikuwa mimi! Nilipiga weee, nikawaza umeanguka jukwaani. Kumbe nabembeleza nguzo. Nilicheka mpaka mpishi mkuu akaniuliza nimekunywa nini.

Sasa sikiliza, na usijifanye unajua. Alizeti loweka usiku mmoja. Figili usiloweke. Jaza udongo nusu ya trei, tandaza mbegu juu zikaribiane kama watu kwenye foleni ya maji. Usizifukie. Nyunyiza, funika, weka kitu kizito juu. Ndiyo, kizito, zinapenda kusukuma. Zikianza kuinua kifuniko, kitoe, zipeleke kwenye mwanga. Zikitoa majani mawili, kata kwa mkasi. Basi. Siku chache tu unakula.

Hapa hotelini mimi naosha vyombo, lakini macho yangu yako kwa wapishi. Wanaweka vijani hivyo juu ya samaki, kidogo tu, kama wanamvisha kofia. Wakubwa wanalipa kwa ajili ya hiyo kofia. Mimi nikaanza kuotesha nyumbani, sasa hoteli inachukua kwangu. Ukiweza wewe pia, hutamwomba mtu.

Kula na wewe, baba. Usiuze zote.

Mkweo anakusalimu sana.

Mwanao


18 Machi

Binti,

Marahaba.

Zimeoza zote.

Nilifanya kama kazi. Zege likishamwagwa unalifunika magunia, unalimwagia maji asubuhi na jioni wiki nzima, la sivyo linapasuka. Na wewe ulisema funika, ulisema maji, ulisema kizito. Nikaweka magunia mabichi. Juu nikapanga tofali. Nikamwaga maji, siyo kwa kile kichupa cha kinyozi, kwa ndoo. Nimefunua leo. Ndevu nyeupe kama za mzee wa miaka mia, na harufu ya panya aliyefia darini. Jirani yangu fundi cherehani ameuliza kama nimeficha maiti.

Siwezi kukaa. Hilo ndilo gumu, siyo mboga. Nimezoea kutoka kabla ya jua. Sasa natoka, nafika njia panda, nakumbuka sina kazi, narudi. Nafagia uwanja ulio safi. Naziendea trei, nataka kufunua, najizuia. Jana nimeenda saiti kutazama tu. Fundi mkuu akaniona, akaniita kwa jina langu la kazini: "Zege, umekuja kuchukua simu yako?" Wakacheka. Nilikaa hapo nikiwaangalia wanabeba karai mpaka aibu ikanishika.

Mvua zimeanza. Leta mbegu.

Baba yako


24 Machi

Baba, shikamoo.

Mbegu siyo sakafu! Nani alikwambia umwage ndoo? Puliza tu, kama unampulizia mtoto jasho. Gunia tupa kabisa. Tofali moja inatosha, na ukiona kifuniko kinapanda, toa bila kungoja wiki. Trei zile zioshe na maji ya moto na sabuni.

Nimekutumia mbegu tena, figili nyingi zaidi maana hazina makuu.

Usiende saiti, baba. Hata kutazama. Najua utatazama, utatazama, halafu mtu atasema hebu nishikie, na wewe utashika.

Na kuhusu kochi. Hakuna anayekuita uje kukaa kwenye kochi. Nyumba yetu ina nafasi. Njoo hata wiki moja, kabla mvua hazijaisha. Njoo tu uone.

Mwanao


6 Aprili

Binti,

Zimeota.

Zimeota kweli. Nilifika asubuhi nikakuta zimenyanyua kifuniko na tofali juu yake. Vitu vyembamba kama uzi. Nikasimama hapo kama mjinga. Miaka yote nimebeba tofali sijawahi kuona tofali likibebwa na figili.

Lakini ugomvi wetu ni huu. Unasema kata zikiwa na majani mawili. Nani anavuna mboga ya majani mawili? Hata mbuzi ana subira. Nikaziacha zikue. Zikarefuka, zikalegea, zikalala chini, zikageuka njano. Trei mbili zikaharibika. Ya tatu nikafunga macho nikakata kwa mkasi wa mama yako wa kushonea. Nikala na chumvi na viazi. Kali! Inapanda puani. Nzuri lakini.

Fundi cherehani akaonja akasema, "Zege, umeanza kula nyasi?" Sasa mtaa mzima unaniita Mbuzi. Sawa. Mbuzi amepeleka fungu kwa mama wa mgahawa, yule mnene wa karibu na stendi. Akatafuna, akatafuna tena. Akasema leta kila siku mbili. Anaweka juu ya mayai. Madereva wanakula, hawajui ni nini, wanasema ongeza.

Kazi yenyewe ni kuhangaika na jua. Asubuhi trei ziko kwenye dirisha la chumba cha marehemu mama yako, mchana mlangoni, alasiri nazipeleka uwanjani, mvua ikipiga nakimbia nazo ndani. Siku nzima ni kuingia na kutoka. Sijakaa hata kidogo. Kifua kimepungua kukoroma.

Neno moja. Mkwe hajaandika hata mstari. Unasema anasalimu, anasalimu. Ana mkono. Kalamu haina uzito wa chuma anachochomelea. Mama yako alipofariki alisimama makaburini kama mlingoti, akaondoka bila kuniambia kitu. Na wewe unataka nikaishi kwake. Njoo hata wiki, njoo uone. Nione nini? Ninavyokaribishwa kwa mgongo?

Mvua zikiisha nitakuwa kwangu. Andika hilo mahali.

Baba yako


8 Aprili

Baba, shikamoo.

Mbuzi wangu! Nimefurahi sana. Yule mama usimpunguzie bei hata akikuita mwanangu.

Mkweo usimfikirie vibaya. Ana mambo mengi sasa hivi. Hakudharau. Kuandika hakupendi, basi.

Mto umejaa na daraja limetikisika, wanasema malori yatasimamishwa. Mbegu nimempa dereva, ziko kwenye lori, lakini atafika lini sijui. Barua hii naituma na basi linalozunguka kwa barabara ya juu, lisilopita darajani. Otesha kidogo kidogo zifike.

Nimechoka leo. Nitaandika vizuri siku nyingine.

Mwanao


19 Aprili

Binti,

Lori halijafika. Mbegu ziliisha. Na mama wa mgahawa kanipa kazi kubwa. Kuna mkutano wa watu wa vyama vya usafiri, watajaa kwake Jumamosi, anataka trei zote nilizonazo na nyingine. Amesema hii ikienda vizuri ataniunganisha na dada yake mwenye hoteli ndogo kule juu. Hapo ndipo nitakuwa nimekushinda, nabaki kwangu. Mvua zenyewe zinapungua.

Kwa hiyo nimekwenda duka la pembejeo. Wana figili za shambani, mbegu nono kuliko zako. Zimepakwa rangi nyekundu, muuzaji anasema ni dawa ya wadudu wa ardhini. Nikaona hiyo siyo shida. Nimeosha mchanga wa zege maisha yangu yote. Nikazitia kwenye ndoo, nikakoroga, nikamwaga, maji mekundu. Tena. Tena. Mpaka maji yakawa meupe kama ya kunywa. Nikaotesha.

Ungeziona. Hazijawahi kuota hivi. Zimejaa trei kama zulia, hakuna hata moja iliyolala. Nilionja konzi moja. Mdomo uliwaka kidogo na tumbo likanikata jana mchana kutwa, lakini nadhani ni maharage ya juzi niliyokula nayo.

Jumamosi nakata.

Baba yako


22 Aprili

BABA USIKATE.

Usile, usiuze, usimpe mtu, usimpe hata kuku. Hizo mbegu ni za kufukia shambani na kusubiri miezi. Ile rangi ni sumu, haitoki kwa kuosha, imeingia kwenye mbegu. Sisi tunakula mche wenyewe ukiwa mchanga, bado una kila kitu cha mbegu. Tumbo lako siyo maharage!

Kunywa maji mengi. Nenda zahanati leo, waambie ulikula nini, usione aibu. Zitupe kwenye shimo, funika na udongo, nawa mikono. Nimempa kondakta wa basi la kuzunguka, nimemwapisha akufikishie mkononi.

Nilitakiwa nikwambie mapema. Sikudhani ungenunua.

Baba tafadhali.

Mwanao


27 Aprili

Binti,

Kondakta alifika nikiwa nimeshika mkasi. Nilikuwa nimeshakata trei moja, imo kwenye beseni, nimeinyunyizia maji inang'aa.

Nilisoma nimesimama. Nikasoma tena. Nikaangalia beseni. Nakwambia kweli kilichopita kichwani: labda rangi ilitoka. Mimi nilikula na niko hai. Nilibeba beseni mpaka getini. Hapo nikawafikiria wale madereva wa stendi, mtu anatafuna hajui, halafu anashika usukani na watu nyuma yake.

Nimechimba shimo. Zote. Udongo juu.

Nikaenda kwa mama wa mgahawa mikono mitupu. Nikamwambia ukweli, nimeotesha mbegu za dawa, hazifai. Akasema, "Ungeniambia jana! Leo nimeshawatangazia!" Mbele ya watu. Akasema kumbe tangu mwanzo anawalisha wateja wake sumu ya Mbuzi. Nikamwambia za mwanzo zilikuwa safi. Hakutaka kusikia. Amesema nisikanyage kwake. Mtaa wote umeshajua. Hakuna atakayenunua jani kwangu hapa, hata likiwa la mchicha.

Zahanati nimekwenda. Nimepona.

Jumatatu nimerudi kwenye zege. Sikuwa na la kufanya. Nitanunua mbegu gani, nitamuuzia nani. Kifua kimeanza tena tangu ndoo ya kwanza.

Daraja limefunguliwa, dereva amefika leo na mbegu zako. Amenipa mkono akasema, "Pole sana na mkweo, mzee." Nikamuuliza pole ya nini. Akanyamaza. Yule mtu hajawahi kunyamaza tangu nimjue.

Pole ya nini?

Baba yako


29 Aprili

Baba, shikamoo.

Nilikatazwa kukwambia. Yeye ndiye alinikataza. Alisema, "Baba yako ametoka kuzika mke, usimwongezee kilema."

Haoni, baba. Mtungi wa gesi ulipasuka karakana, mwaka jana, miezi michache baada ya mama. Jicho moja lilikwenda siku ile ile. La pili madaktari walijaribu, likafuata. Hana mambo mengi. Hana jambo hata moja. Anakaa chumba cha nyuma kwenye kiti, amegeukia ukuta, tangu asubuhi mpaka ninaporudi. Salamu nilizokuwa nakuandikia nilizitunga mwenyewe.

Mboga nilianza kwa sababu hiyo, mshahara wa kuosha vyombo haukutosha tena. Trei ziko chumba chake maana ndicho chenye dirisha kubwa. Juzi alisimama kutafuta maji akazigonga, zikaanguka. Zilizobaki kwenye rafu akazisukuma zote chini, moja baada ya nyingine. Kwa makusudi. Halafu akapiga magoti akawa anakusanya udongo kwa mikono. Nilimkuta hivyo.

Wiki iliyotangulia alijaribu kuwasha jiko ajipikie chai, akaungua kiganja. Kwa hiyo sasa nikienda kazini nafunga mlango kwa nje. Nafunga kwa nje baba, kwa kufuli, kama stoo. Nasikia anavyonyamaza ninapofunga. Naosha sahani za watu siku nzima nikisikia ile kufuli.

Unadhani nilikuita nikutunze. Mvua, masharti, kifua, hayo yote yalikuwa kweli, lakini nilikuwa napitia mlango wa nyuma. Sikujua niseme vipi. Naogopa kuacha kazi na naogopa kwenda kazini. Njoo, baba. Siyo kwa ajili yako.

Mwanao


4 Mei

Mkwe,

Anayekusomea ni mke wako. Mwambie asiruke neno.

Nilidhani unanidharau. Nimekutukana sana hapa nikifagia uwanja, peke yangu. Hukusikia, lakini nimeshakwambia, yameisha. Na wewe ulinificha. Tuko sawa.

Hatujuani vizuri. Geti la nyumba hii ulilichomelea wewe mlipokuja kujitambulisha. Hukuombwa, uliliona limelegea ukaomba vifaa kwa watu. Nimelifunga leo nikitoka kazini, nikalitazama.

Kifua changu kimekwisha. Fundi mkuu amenitoa kwenye karai, ameniweka kupeleka chai. Kila nikipita na birika wanasema mzee pole. Sitaki pole, na nadhani wewe pia umeshiba.

Nyumba nimempa fundi cherehani chumba cha mbele apange. Cha nyuma nimefunga, vitu vya mama mkwe wako vimo. Ni kwangu bado. Yule mama wa mgahawa asidhani amenifukuza mji.

Sasa sikiliza. Siji kutunzwa. Wala siji kukutunza wewe, mimi sijui kutunza mtu, muulize mke wako kuhusu uji niliompikia alipokuwa na surua. Nakuja kufanya kazi na nahitaji mtu wa pili. Trei haitaki macho kama watu wanavyodhani. Ukiinyanyua ikiwa nyepesi, ina kiu. Ikiwa nzito imeshiba, iache. Mimi nilichelewa kulijua hilo kwa sababu nilikuwa natazama. Na ukipitisha kiganja juu ya majani, yakikukuna sawasawa toka pembe hii mpaka ile, yamefika, kata. Wewe utanyanyua na kupapasa, mimi nitakata na kubeba mpaka hotelini. Tukikosea, mke wako atatugombeza sote wawili, nafuu kuliko kugombezwa peke yako.

Zile ulizozimwaga, nisingekulaumu. Ningekuwa mimi ningevunja na rafu. Mtu aliyezoea kazi ukimkalisha anaoza, kama mbegu nilizozifunika magunia. Rafu tutatengeneza nyingine, mbao dereva anazo. Utanishikia, nitapiga misumari. Au nikushikie upige wewe, vidole ni vyako.

Nafika Jumamosi na lori, asubuhi, mke wako atakuwa kazini. Binti, unaposoma hapa usilie kwanza, maliza. Siku hiyo ukitoka, kufuli usilifunge. Usimwambie jirani aje kunipokea, usiache ufunguo kwa mtu.

Mkwe, nitakuwa nimebeba, kwa hiyo nitagonga kwa mguu. Nitasema ni mimi. Itakuchukua muda kufika mlangoni, utagonga kiti, utagonga ukuta, mimi sina haraka, nitasimama hapo na mzigo wangu mpaka ufike.

Fungua wewe.

Baba mkwe wako